Dakika ya Masikio ya Tonton Crispin

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef wa Ufundi, mkuu wangu, alinikabidhi mti mrefu wa aluminiamu wenye maikrofoni kwenye ncha, akanivalisha kaske nzito ya kusikilizia masikioni, akaniamuru nimwambie ninachosikia. Tulikuwa uani, nyuma ya studio ya televisheni moja ndogo hapa Bukavu. Jina lake sitalitaja, maana wengi wa pale bado wako hai na hawasahau kitu. Nikasema nasikia ndege. Akauliza, nini tena? Nikasema pikipiki inapanda mlima. Nini tena? Nikasema ni hayo tu.

"Mugisho," akasema, "kuko maman anapepeta muchele nyuma ya ukuta. Kuko jenereta ya jirani. Na kuko mutu ku dirisha ya Directeur anatusema sisi wawili. Weye unasikia yenye unapenda kusikia. Kazi yetu ni kusikia yote, ata yenye haikufurahishe."

Nikageuka kuangalia lile dirisha. Kweli, pazia lilitikisika. Nyinyi vijana mnaonifuata katika kazi hii mtasema mzee alianza kushuku watu siku ya kwanza. Ndiyo, nilianza siku ya kwanza, na sijaona sababu ya kuacha.

Kazi yenyewe iliitwa preneur de son, yaani mchukua sauti. Ule mti unaitwa perche. Yale manyoya ya kijivu yanayovishwa maikrofoni ili upepo usivume ndani yake ni bonnette. Watoto wa mtaa wa Kadutu waliyaita paka. Mchukua sauti hatajwi na mtu, na kivuli cha perche yake kikiingia kwenye picha anatukanwa na kila mtu. Kitu cha kwanza anachofundishwa ni ambiance. Mkimaliza kurekodi maneno mahali fulani, wote mnanyamaza dakika nzima. Hakuna kusogea, hakuna kukohoa. Hapo anachukua sauti ya mahali penyewe, upepo wake, maji yake, wadudu wake. Baadaye monteur, yule anayekata na kuunganisha picha, huitandika sauti hiyo chini ya maneno ili mtazamaji asijue mahali palipokatwa. Kumbukeni hilo: tunanyamaza ili watu wasijue palipokatwa.

Nilitumwa kwanza Kalehe, chini ya Chef wa Reportage, mtu wa tai na maneno mengi. Tulirekodi mkubwa mmoja akizindua bomba la maji. Alifungua, bomba likakohoa, ikatoka hewa tupu, watu wakapiga makofi. Jumapili nilipoangalia habari nyumbani, maji yalikuwa yanamwagika kwa nguvu. Ile sauti niliijua. Ilikuwa lavabo, beseni la kunawia la studio yetu, yenye mfereji unaolia. Nilipomuuliza Chef, hakuona haya hata kidogo. "Mugisho, maji itakuja," akanijibu. "Sisi tumetangulia tu."

Kutoka hapo nikapelekwa Shabunda kwa ndege ndogo, nimekaa juu ya magunia ya chumvi. Wachimbaji wa dhahabu walipoiona bonnette walikataa kabisa tusogelee mashimo yao. Walikuwa na hakika kwamba ni mashine ya kunusa dhahabu. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Mwishowe mmoja wao alivua kofia, akaiinamia maikrofoni, akaiambia kwa heshima zote kwamba shimo lake halina kitu. Ndiyo sauti pekee niliyorudi nayo.

Niliporudi Bukavu, Directeur, mtu mnene aliyekuwa akitafuna karanga hata akiwa na wageni, aliniita ofisini kwake. Aliniambia kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anaitwa Crispin, anayependa wanyama wa pori kuliko anavyowapenda watu, na kwamba atampa kipindi. "Utaenda naye," akasema. "Kama anakuchokesha, uniambie mimi, usimwambie mutu mwingine." Nilitoka nikijiuliza kwa nini anataka kuambiwa peke yake.

Nilimshuku Crispin tangu aliponipa mkono. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alicheka na kila mtu, na mimi nilikuwa naamini kwamba mtu anayecheka na kila mtu ana sababu yake. Ilinichukua safari nyingi za tope na mbung'o kukubali kwamba hakuwa na sababu. Alicheka kwa sababu alikuwa na furaha. Nasema waziwazi, nilimpenda yule mtu, na sikuwapenda wengi.

Kipindi kiliitwa Majirani wa Pori. Kilitoka Jumapili mchana, watu wametoka misa na wamekula. Umeme ukikatika Kadutu, watoto walihamia kwa jirani yeyote mwenye jenereta, wanajaa hadi mlangoni, na mwenye nyumba hakuthubutu kuwafukuza. Crispin aliwaonyesha kinyonga, chatu, ngagi, yule sokwe mkubwa wa msituni. Hakuwahi kuwatisha. Aliwaambia kila mnyama ana njia yake, na mtu akiijua njia hiyo na kuiheshimu, hatapata shida. Watoto wakamwita Tonton Crispin, yaani mjomba, kisha wazazi wao wakamwita hivyohivyo, na mwishowe hata askari wa barabarani.

Lakini kilichomfanya apendwe zaidi kilitoka katika kazi yangu. Safari yetu ya kwanza aliniuliza kwa nini tunanyamaza. Nikamvalisha kaske. Alisimama amefumba macho dakika nzima, na alipoivua alikuwa analia. Tangu hapo kila kipindi kikawa na Dakika ya Masikio. Alikuwa akisema, "Batoto, fungeni macho. Sasa tusikie." Kisha televisheni ilimwonyesha amesimama porini, macho yamefumbwa, hakuna neno, ni ndege na majani tu. Directeur alisema watu watazima televisheni zao. Hawakuzima. Bibi mmoja wa Kadutu aliniambia ndiyo dakika pekee katika wiki nzima ambayo nyumba yake ilikuwa kimya.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa Bukavu hawapendi kulisikia. Mbele ya kamera Tonton alikuwa mpole. Lakini wakati wa Dakika ya Masikio alikuwa mkali kupita chef yeyote niliyewahi kumtumikia. Ukikohoa, alikutazama kwa namna ambayo ungeona afadhali umeze kikohozi kikuue. Dereva mmoja alipiga chafya, Tonton akamwambia arudi mjini kwa miguu, na yule bwana akarudi kwa miguu. Sisi wa ekipi, tuliosafiri naye, tulijifunza kusemezana kwa mikono kama mabubu. Dakika ikimalizika alirudi kucheka, akakugawia mkate wake. Ndiyo maana tulimsamehe kila mara.

Safari ya mwisho ilikuwa Kamanyola, kwenye mto Ruzizi. Tulikuwa Tonton, Achille wa kamera, mimi, na mvuvi mmoja wa pale aitwaye Kashindi, tuliyemchukua atupeleke kwa mtumbwi wake. Kashindi alikuwa mtu wa maneno machache, mikono mipana, na alijua viboko wa sehemu ile mmoja mmoja.

Siku ya kwanza, katikati ya Dakika ya Masikio, Kashindi alipaza sauti: "Kiboko!" Tulipogeuka tuliona masikio mawili tu katikati ya mto, mbali kabisa. Hakukuwa na hatari yoyote. Tonton alifura.

"Nani alikutuma kusema?" akamuuliza. "Unaniharibia kazi juu ya masikio mbili? Sikiya, papa. Nikifunga macho, weye unafunga kinywa. Ata dunia ikiisha, ngoja dakika iishe kwanza. Ukisema tena, tutakuacha hapahapa na tutatafuta mwenzako."

"Pardon, patron," akasema Kashindi. Siku ile yote hakuzungumza tena, hata tulipokula.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha na kulikuwa na baridi. Tonton alichagua kusimama kwenye majani mafupi, matete nyuma yake, maji mbele yake. Kabla hatujaanza, Kashindi, aliyekuwa ameketi ndani ya mtumbwi karibu na ukingo, alimwambia kwa sauti ndogo, "Patron, hapa ni njia yabo." Tonton akatabasamu. "Minajua. Njo maana tuko hapa." Viboko walikwisha kuingia majini, alisema, jua limekwisha kutoka. Akaniamuru nielekeze maikrofoni upande wa pili, kwenye mti uliojaa viota, maana alitaka ndege.

Hapa lazima niwaeleze kitu cha ufundi. Maikrofoni ile tuliita canon. Inasikia kule inakoelekezwa tu, kama tochi inavyomulika, na pembeni na nyuma yake ni giza. Nayo kaske inaziba masikio yako mwenyewe usisikie kingine. Kwa hiyo dakika ile mimi nilikuwa ndani ya ule mti wenye viota. Nilisikia mabawa na midomo ya makinda. Achille alikuwa ameweka jicho kwenye kamera. Tonton alikuwa amefumba macho.

Nilichohisi kwanza ni ardhi kutetemeka chini ya viatu. Nikageuka. Kiboko alikuwa amechelewa kurudi, alikuwa amelala ndani ya matete, na Tonton alikuwa amesimama kati yake na maji. Nikamwona Kashindi ndani ya mtumbwi, mkono juu, kiganja chini, vidole vinamwita Tonton: njoo, njoo huku, njoo. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Hapo ndipo tulipopiga kelele wote watatu, na ilikuwa imekwisha kuchelewa. Mnyama alimkanyaga, akapita juu yake na kuingia majini. Hakuwa anamtafuta mtu, alikuwa anatafuta maji.

Tuliupandisha mwili wake Bukavu kwa jeep yetu, kwa barabara ya milimani. Kashindi alikuwa amekipakata kichwa cha Tonton mapajani na hakukubali kushuka Kamanyola. Tulipofika mjini, habari ilikuwa imetutangulia kwa simu. Watoto walikuwa wamejipanga barabarani na matawi mikononi. Sijawahi kuona mji huu ukimlilia mtu hivyo, na nimewahi kurekodi vilio vya wakubwa wengi.

Directeur alitungojea mlangoni mwa morgue, nyumba ya maiti. Kabla hajatupa pole, alimwomba Achille kadi ya kamera. Sikuipenda ile haraka.

Jioni iliyofuata nilijua alikuwa na haraka ya nini. Televisheni yetu ilionyesha Dakika ya Masikio ya mwisho, eti kumpa Tonton heshima. Mji mzima ulikaa mbele ya televisheni. Alionekana Tonton, macho yamefumbwa. Na kwenye pembe ya picha, ambako Achille hakuangalia, alionekana Kashindi, kinywa kimya, anapunga mkono: njoo, njoo. Matete yakaanza kutikisika. Papo hapo monteur akakata, ikaja picha ya mshumaa. Ningetaka kumtengenezea mtu kosa, nisingekata mahali pengine.

Kesho yake kila kona ilikuwa na maneno yaleyale. Kiboko hakuwa kiboko, alitumwa. Mvuvi yule alimwita kwa mkono, kila mtu aliona kwa macho yake. Kwa nini hakusema kitu? Mtu akiona mnyama anamjia mwenzake, si anapiga kelele? Wengine walisema Achille yumo. Wengine walisema mimi nimo, maana nilikuwa karibu naye na hata jeraha sikupata. Maman mmoja niliyenunua nyanya kwake miaka mingi aliniwekea nyanya chini badala ya kunipa mkononi.

Kilio kilikuwa kwa marehemu, Kadutu. Maturubai, bâche tunavyoziita, yalitandazwa juu ya uwanja wote, viti vya plastiki vikajaa hadi kwenye avenue. Vijana wa pale walikuwa wamesimama pembeni, hawakai, na nilisikia walichokuwa wakipanga. Siku ya maziko wao ndio watabeba sanduku, na sanduku lenyewe litawapeleka kwa aliyemla Tonton kwa uchawi. Mimi nimewahi kuona jambo hilo. Sanduku linakwenda mbele, linarudi nyuma, linayumba, wabebaji wanasema linawasukuma, kisha linaanza mbio. Nyumba linayosimama mbele yake huchomwa moto, na aliyemo ndani akikamatwa haponi. Na Kashindi alikuwa kwangu, jikoni, anamsaidia mke wangu kuchambua maharage.

Sitawadanganya, hata mimi nilimtazama kwa upande. Nilikaa naye tukiwa wawili nikamuuliza, "Kashindi, juu ya nini haukupiga makelele mapema?"

"Patron alinikataza."

"Ata ukiona ile nyama, kiboko, inakuya?"

"Alisema ata dunia ikiisha." Aliendelea kuchambua. "Ile siku ya kwanza nilisema na ilikuwa bure. Nikawaza, nikisema tena, ataona kama minamuchezea. Nikamwita na mukono. Nikawaza atafungua macho."

Nilitafuta uongo ndani ya maneno yale kama nilivyozoea, sikuuona. Nilikuwa nimeyasikia mwenyewe maneno ya Tonton siku ile ya kwanza, na Achille aliyasikia.

Siku moja kabla ya maziko, familia ilituita. Tuliketi saluni, yaani sebuleni kwa marehemu: kaka mkubwa wa marehemu, Papa Bisimwa, mjane, Maman Nzigire, chini kwenye mkeka pamoja na watoto wake, Directeur kwenye kiti kizuri, sisi watatu kwenye benchi. Mlango uliachwa wazi, na vijana wa avenue walijaa pale.

Papa Bisimwa alianza kutuuliza swali lilelile, mmoja mmoja. "Weye ulipiga makelele mapema?" Achille alisema jicho lake lilikuwa kwenye kamera. Ikafika zamu ya Kashindi, mimi nikiwa wa mwisho.

"Nilimwita," akasema.

"Na mukono! Kila mutu aliona mukono. Minakuuliza kinywa. Kinywa yako ilikuwa na nini?"

Kashindi akanitazama, kisha akatazama chini. Nilielewa kwamba hatasema. Alikuwa nyumbani kwa maiti, mbele ya mjane, na hakuwa tayari kumsema vibaya marehemu hata kama ni kwa kujiokoa. Mlangoni kijana mmoja akasema, "Munaona? Amenyamaza tena." Wakacheka bila furaha.

Hapo nilikuwa na njia mbili, na zote nilizichukia. Nikinyamaza, kesho sanduku litakwenda kumtafuta Kashindi. Nikisema, nitamwambia mwanamke huyu, mumewe akiwa hajazikwa, kwamba amri ya mumewe ndiyo iliyofunga kinywa ambacho kingemwokoa. Na mji mzima utanichukia, maana utaona nimemchafua mtu wake. Nikachagua kusema. Nilieleza siku ya kwanza na yale masikio mawili mtoni. Nikarudia maneno ya Tonton kama alivyoyasema, bila kupunguza wala kuongeza. Achille akatikisa kichwa kukubali.

Papa Bisimwa alisimama. "Unataka kusema ndugu yangu alijiua?"

"Sikusema vile, papa."

Directeur akakohoa kidogo. "Tumusamehe Papa Mugisho. Iko na huzuni, anachanganya mambo." Nikamtazama. Alikuwepo studio siku aliporudi kwa miguu yule dereva wa chafya, alijua vizuri Tonton alivyokuwa. Lakini kiboko akiwa ametumwa na mchawi, hakuna atakayemuuliza Directeur kwa nini tulikwenda mtoni bila mlinzi wa wanyama. Kwake Kashindi alikuwa jibu zuri kuliko mimi.

Vijana walianza kuingia ndani. Mmoja alishika kola ya Kashindi. Ndipo Maman Nzigire aliposema kutoka mkekani:

"Muache ule papa."

Yule kijana hakuachia. Maman Nzigire akamshika binti yake mkubwa, Ansima, akamvuta karibu, akapandisha mkono wa gauni lake. Kuanzia kiwiko hadi kifundo ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa.

"Mwaka jana," akasema, "papa yake alikuwa anarekodi sauti yake hapa mu saluni. Alisema silence. Ansima alikuwa mu jikoni, mafuta ya moto ikamumwangikia. Huyu mutoto hakulia. Alinyamaza na mukono inaungua mupaka papa yake alimaliza, juu aliogopa kumuharibia. Crispin alipomuona alianguka chini, alilia kama mutoto, aliapa hatarudia. Bisimwa, kama damu yake mwenyewe ilinyamaza, mulitaka mugeni aseme nini?"

Yule kijana akaiachia kola. Ansima alikuwa anashusha mkono wa gauni polepole, amekasirika kwamba wameonyesha. Maman Nzigire akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi kando yake.

"Kuya, papa," akamwambia Kashindi. "Ikala hapa."

Kwetu mtu hakai kwenye mkeka wa mjane hivihivi. Ni wa dada zake, mama yake, watoto. Kashindi alivua viatu, akaketi, akaanza kulia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Kamanyola.  Papa Bisimwa akatoka nje, nasi tukamsikia akiwaambia vijana kwamba sanduku litabebwa na wazee wa shirika la parokia, na anayetaka kulishika aombe ruhusa kwake.

Tulimzika kwa amani. Kaburini, wakati padri amemaliza, mtoto mmoja wa shule alifumba macho, kisha wa pili, kisha wote kilima kizima, na hata watu wazima. Kilikuwa kimya ambacho sijawahi kukichukua kwenye kinasa chochote. Mimi sikufumba. Nilisimama macho wazi, nawatazama wale vijana, namtazama Directeur, mpaka sanduku lilipofunikwa.

Nilifanya kazi miaka michache baada ya hapo, kisha nikastaafu. Walinipa saa ya ukutani ambayo inachelewa. Kuna watu hapa mjini ambao mpaka leo wanaamini kwamba nililipwa kusema niliyoyasema, na wengine wakiniona wanavuka barabara. Siwalaumu sana. Mapicha waliyaona, na mapicha hayakuonyesha siku ya kwanza.

Nyinyi mnaofanya kazi hii sasa mna maikrofoni ndogo kama punje, mna simu zinazofuta kelele zenyewe, na ambiance mnaichota kwenye mashine bila kwenda porini. Siziamini mashine hizo, ila sitawakataza. Nawakataza kitu kimoja tu. Chef yeyote, hata mnayempenda, hata anayependwa na watoto wa nchi nzima, akiwaambia mnyamaze mpaka dunia iishe, msimwitikie. Mkiona hatari pigeni kelele. Dakika nyingine itarekodiwa.

Kwa Maman Nzigire huwa napita baada ya misa. Kashindi humtumia samaki na madereva wanaopanda kutoka Kamanyola, naye hunigawia. Tunazungumza habari za watoto, za mvua, za bei. Habari za mtoni hatukuwa tunazigusa.

Mwezi uliopita alinimiminia chai, akakaa, akasema bila kunitazama:

"Papa Mugisho, minataka kukuuliza kitu. Usikasirike."

"Uliza, maman."

"Kashindi alikatazwa. Achille jicho yake ilikuwa mu kamera. Bon. Na weye? Crispin alikuwa anatuambia hapa, masikio ya Mugisho inasikia ata sisimizi akitembea. Ile nyama ni kubwa. Ilivunja matete. Haukuisikia?"

Nikamweleza. Nilimweleza canon, inavyosikia mbele tu. Nilimweleza kaske, na mti wenye viota, na kwamba Crispin mwenyewe ndiye aliyenielekeza kule. Nilichukua kijiko na bakuli la sukari nikamwonyesha mezani nilivyosimama mimi, alivyosimama mumewe, na matete yalikuwa wapi. Yote niliyosema ni kweli. Nilijisikia jinsi nilivyokuwa nasema mengi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia, papa," akasema. Akaniongezea sukari, vijiko viwili, anavyojua napenda.

Nilikunywa ile chai yote mbele yake. Kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye kikombe, alikuwa anatazama masikio yangu.